Kupanga kwanza au kubaki nyumbani mpaka ujenge? Yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama ubaki kwa wazazi mpaka umalize kujenga, au ukapange kwanza. Mimi nilibaki, nikiamini hela ya kodi itageuka matofali. Wapi! Hela ya mtu anayekaa kwao haina mwenyewe: leo umeme wa LUKU umeisha, kesho ada ya mdogo wako, keshokutwa shangazi kaja mjini kutibiwa. Miaka 3, na sikuwa na hata tripu moja ya mchanga.

Nikapanga chumba kimoja Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, choo cha kuchangia. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi 6, dalali naye akachukua ya mwezi mmoja. Iliniuma, ila ndipo nilipoujua mshahara wangu.

Kiwanja nikatafuta hukohuko. Hapa usikurupuke. Cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa bei ya kutupa na muuzaji ana haraka zake. Nikapitia kwa majirani wa mpakani, mama mmoja anakaanga maandazi akacheka: "Mwanangu, wewe ni wa tatu mwezi huu." Nilichokuja kununua kilikuwa na hati, na kabla sijatoa hata senti nilifanya upekuzi ofisi ya ardhi kuona jina la nani limo. Angalia na muda uliobaki kwenye hati, maana hati zipo za miaka 33, 66 na 99. Kama hakijapimwa, mwandikishiane serikali ya mtaa na majirani wa mipaka wote wasaini, lakini usije ukaiita hiyo karatasi hati.

Faida ya kupanga karibu na saiti niliiona kwenye matofali. Fundi tulikubaliana mfuko mmoja wa saruji utoe tofali 30 za inchi 6. Nikiwepo, 30. Siku nikiwa kazini, 45! Nikaliokota moja, likanimeguka mkononi kama biskuti. Tangu hapo nikawa nalala na mifuko chumbani kwangu, najikuta nakohoa vumbi la saruji.

Nilipopaua tu nikahamia. Dari hakuna, umeme hakuna, madirisha nimeziba kwa mabati chakavu. Watu walinicheka, lakini kodi ilikoma. Mama alipokuja mara ya kwanza alizunguka kimya, akaenda chooni, akarudi akakaa juu ya ndoo ya rangi: "Choo kina mlango. Haya, kitanda chako nampa mdogo wako."