Acha kuchuja upya kila asubuhi

Kuna mwenzangu aliyewahi kuandika upya safu mlalo zaidi ya thelathini za lahajedwali letu akidhani zimefutika. Hazikuwa zimefutika. Mimi ndiye niliyeweka kichujio nione malipo yaliyochelewa tu, nikaondoka bila kukitoa, na faili lilikuwa la pamoja. Jioni nzima ikatuishia kwenye kusaka marudio.

Kwenye Google Sheets, programu ya lahajedwali ya mtandaoni, kichujio cha kawaida ni cha wote: ukificha wewe, wamefichiwa wote. Unachotaka ni mwonekano wa kichujio, ambao unaundwa kwenye menyu ya Data. Huo hubadilisha unachokiona wewe peke yako, unahifadhiwa kwa jina usilazimike kuchuja upya, na mpangilio wa safu ipi itangulie na ipi ifuate nao unakumbukwa. Hata aliyepewa ruhusa ya kutazama tu anaweza kufungua wa muda.

Jina lipe maana mara moja. Mimi huandika swali ambalo mwonekano unajibu: "Nani hajalipa", "Nini kinangoja sahihi". Ukiacha majina ya namba yanayojiweka yenyewe, baada ya mwezi utakuwa unafungua mmoja mmoja kama mtu anayejaribu funguo. Tena kila mwonekano una kiungo chake. Ninaponakili anwani ukiwa wazi na kumtumia mwenzangu, anafikia palepale nilipo. Hili limenipunguzia maelezo mengi sana.

Mtego ulionichelewesha kuelewa ni wa tiki. Ukichuja Google Sheets kwa kutoa tiki kwenye thamani usizozitaka, programu inakumbuka ulichokificha. Siku mtu akiandika hali mpya, tuseme "Imeahirishwa", itajitokeza kwenye mwonekano wako bila kualikwa. Chuja kwa sharti badala yake: maandishi yawe sawasawa na "Haijalipwa". Kagua pia kama eneo la seli la mwonekano linafika hadi safu mlalo za mwisho, maana data huongezeka chini na mwonekano wa zamani unaweza kubaki nyuma.

Wanaotumia Excel wana Sheet View, inayofanya kazi hiyohiyo, iliyomo kwenye kichupo cha View, mradi faili liko OneDrive au SharePoint, hifadhi za mtandaoni za Microsoft. Kama unafanya kazi peke yako, Custom Views ya zamani bado inafaa, na inashika hata safu wima ulizoficha na mipangilio ya kuchapisha. Ila ikiwa faili lina Table hata moja (data iliyogeuzwa kuwa jedwali rasmi la Excel), kitufe chake kinafifia na hakibofyeki. Niliwahi kudhani programu yangu imeharibika.

Halafu jumla. SUM, fomula ya kawaida ya kujumlisha, inahesabu na zile safu zilizofichwa, kwa hiyo unabadili mwonekano na jumla haitikisiki. Tumia =SUBTOTAL(109, C2:C500), nayo itajumlisha zinazoonekana tu. Fomula hiyo iweke juu, nje ya eneo linalochujwa, isije ikachujwa nayo.

Na kumbuka kwamba kinachobadilika ni macho yako tu. Seli ukiifuta ndani ya mwonekano wako, imefutika kwa kila mtu.