Si bibo linalopofusha, ni methanoli

Wapo wanaosema nipa, pombe kali ya mabibo, inapofusha kwa sababu ya bibo lenyewe, yaani tunda la mkorosho. Hapana, bibo halimpofushi mtu. Anayepofuka baada ya kunywa nipa kanywa methanoli, alkoholi yenye sumu, na mara nyingi ni muuzaji kaongezea spiriti ya viwandani ili ikolee. Mabibo yakichacha hutoa methanoli kidogo tu. Ini ndilo huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo inaua mshipa wa fahamu wa jicho. Hata mililita 10 za methanoli tupu zinaweza kumpofusha mtu.

Nimewahi kufanya kazi zahanati huku Newala, na kinachoponza watu ni ule ucheleweshaji. Mtu analala salama, kesho yake ndiyo anaona ukungu mweupe, tumbo linamkata, anahema juu juu. Nyumbani wanasema ni hangova, wanampa maziwa! Maziwa hayasaidii kitu. Mkimbizeni hospitali, Ligula kama mko Mtwara au Sokoine kama mko Lindi, kabla ya mwili kumaliza kuigeuza.

Uraka, ile pombe ya mabibo yaliyochacha tu, haukenekwi kama nipa (hauchemshwi ili kukusanya mvuke wake), kwa hiyo hauna kisa hicho, labda nao uwe umetiwa kitu. Ila ini litaumia vilevile kwa anayeunywa kila siku msimu mzima.