Kabla hujaiamini kadi ya kampeni, tazama nani ameilipia

Kuna ujumbe mmoja niliowahi kuutuma WhatsApp ambao hadi leo unaniuma. Wakati huo nilikuwa naishi kitongoji kimoja cha kusini mwa Minneapolis, na uchaguzi wa Bunge la jimbo la Minnesota ulikuwa umebakiza wiki tatu. Kila jioni nikirudi kazini nilikuta sanduku la barua limejaa kadi za kampeni: karatasi ngumu, inayong'aa, kubwa kuliko daftari la shule. Moja ilikuwa na picha ya mgombea wa eneo letu, imetiwa giza hadi mama wa watu akaonekana kama anayetafutwa na polisi, na maneno mekundu yakisema alipiga kura kuwanyima wazee fedha za matunzo.

Wengi wetu huku tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee. Niliipiga picha kadi ile, nikaituma kwenye kundi la akina mama wa kanisani, nikaandika: "Huyu tumwache." Wananiamini, kwa sababu mimi ndiye ninayewasomea barua za shule, za hospitali na za uhamiaji. Ndani ya saa moja nilipata majibu kumi na kitu, yote yakisema "asante dada."

Jumamosi iliyofuata mgombea mwenyewe alibisha hodi, na mfuko wa turubai begani. Nilimwonyesha kadi. Hakukasirika. Aliigeuza tu, akaweka kidole chini kabisa karibu na stempu, kwenye mstari wa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, akaniomba niusome. Ulisema kwamba hayo ni matumizi huru, yaani yasiyopangwa pamoja na mgombea, yametayarishwa na kulipiwa na kundi fulani, na kwamba hakuna mgombea yeyote aliyeyaidhinisha wala anayewajibika nayo. Jina la kundi lilikuwa tamu kweli, jina ambalo mtu hawezi kulipinga. Sikuwahi kulisikia.

Usiku ule nilikaa mezani na kompyuta mpaka saa saba. Hapa Minnesota kuna Bodi ya Fedha za Kampeni na Uwazi kwa Umma, na ripoti zake zipo wazi kwenye tovuti, mtu yeyote anaweza kusoma. Nilitafuta lile kundi. Wachangiaji wake wakubwa walikuwa makundi mengine. Nikatafuta hayo nayo, nikakuta kamati zinapeana fedha, na watu wenye majina na kazi zao walikuwa wakiishi mbali sana na mtaa wangu. Kuhusu ile kura ya wazee: ilikuwa kweli kura imepigwa, lakini ilikuwa juu ya muswada mmoja wa mamia ya kurasa, uliofungiwa mambo chungu nzima ndani yake. Mwandishi wa kadi alichomoa kifungu kimoja, akayaacha mengine yote.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi fedha kubwa zinavyofanya kazi kwenye chaguzi za majimbo ya Marekani, na naomba niwaeleze kama nilivyoelewa.

Mtu anayetaka kumchangia mgombea wa Baraza la Wawakilishi la Minnesota, sehemu moja ya Bunge la jimbo, amewekewa kikomo cha dola 1,000 kwa kipindi chote cha miaka miwili. Ukisikia hivyo unatulia. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2010 katika kesi ya Citizens United, kampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia fedha bila kikomo, mradi visipange mambo pamoja na mgombea. Montana walikuwa na sheria ya mwaka 1912 ya kuzuia fedha za kampuni kwenye uchaguzi, waliyoitunga baada ya kuchoshwa na matajiri wa migodi ya shaba. Ilidumu miaka 100. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaiondoa. Kwa hiyo mgombea anahesabiwa kila dola, na aliye nje ya kampeni anamwaga anavyotaka, kwa sifa au kwa matusi.

Na kwa nini wamwage kwenye kiti kidogo cha jimbo? Kwa sababu hapo ndipo kura chache zinabeba mengi. Mwaka 2024 Baraza letu lilitoka sare, viti 67 kwa 67, na kiti cha eneo la Shakopee kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 14. Kundi letu la kanisani pekee lina wanawake zaidi ya hao.

Jirani zetu wa Wisconsin wameona makubwa zaidi. Aprili 2025 walichagua jaji mmoja tu wa Mahakama ya Juu ya jimbo lao, na gharama za pande zote zikafika takriban dola milioni 100. Elon Musk na makundi yake walitoa zaidi ya milioni 20, naye akaenda Green Bay kukabidhi hundi za dola milioni moja moja jukwaani. Upande wa pili nao ulikuwa na mabilionea wake, George Soros na gavana wa Illinois, JB Pritzker, waliochangia kupitia chama cha siasa. Kule mtu binafsi amewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mgombea wa kiti hicho, lakini tangu 2015 chama kinaweza kupokea chochote na kumpitishia mgombea chochote. Mgombea wa Musk alishindwa kwa takriban asilimia 10. Watu walishangilia kwamba fedha imeshindwa. Mimi sikushangilia sana, kwa sababu uchaguzi ule ulitazamwa na nchi nzima. Ninachokihofia ni kiti ambacho hakuna mwandishi wa habari anayekifuatilia, na habari pekee inayomfikia mpiga kura ni ile kadi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nyumbani nilizoea kuiona fedha ya uchaguzi ikija kwa miguu: khanga, fulana, sufuria la pilau, na mtu anayepita usiku. Tuliita takrima, na sheria ikairuhusu kwa jina la ukarimu wa kimila mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu vile mwaka 2006. Ilikuwa mbaya, lakini aliyekupa khanga ulimjua. Huku hupewi hata senti, na anayelipa humwoni.

Basi ndugu zangu mlioko huku, kadi ikija, igeuzeni kwanza. Soma ule mstari mdogo kabla ya maneno makubwa. Ukiona ni kundi la nje, litafute kwenye tovuti ya bodi ya jimbo lako, kisha tafuta wanaolichangia. Ikikutaja kura fulani ya mbunge, fungua tovuti ya Bunge uone muswada wenyewe ulikuwa na nini. Kama hujapata muda wa kufanya hayo, usisambaze. Mimi nilirudi kwenye kundi nikaandika kwamba nimekosea, nikaeleza nilichokikuta. Waliojibu safari hii walikuwa wawili.

La pili, toeni kidogo, na mapema. Dola 20 za mwezi wa tano zinachapisha vipeperushi na kulipia mafuta ya gari la kubisha hodi. Za wiki ya mwisho zinamezwa na matangazo ya televisheni. Mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa Brooklyn Park kuingia Baraza la Wawakilishi, na viti vya namna hiyo vinafikika kwa watu wa kawaida wakijipanga. Ila angalieni hati zenu. Mwenye green card anaruhusiwa kuchangia, lakini hapigi kura. Aliye na viza ya masomo au ya kazi asichangie kabisa, si uchaguzi wa taifa wala wa jimbo wala wa mji, kwa sababu sheria ya shirikisho inakataza, na kosa hilo linaweza kukuharibia uhamiaji wako.

Kwa wapiga kura wa Minnesota kuna jambo ambalo wengi hawalijui: jimbo linakurudishia mchango wako, hadi dola 75 kwa mtu mmoja na 150 kwa wanandoa, kila mwaka. Sharti ni kwamba uwe umechangia chama au mgombea aliyekubali kuwekewa kikomo cha matumizi. Muulize kabla hujatoa, kisha mdai risiti rasmi ya marejesho. Risiti hiyo uiweke kwenye bahasha moja na karatasi zako za kodi, maana maombi ni mara moja kwa mwaka, na mwisho wake ni tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata.