Nasomea afya ya akili na mimi mwenyewe silali

*Shangazi habari ya huko. Mimi ni msichana wa miaka 21, niko mwaka wa pili chuo kikuu hapa Kisumu, nasomea saikolojia na ushauri nasaha. Watu wa hosteli walijua kosi nafanya na sasa kila mtu ananiletea shida zake, mwenye ameachwa, mwenye mkopo wa masomo wa HELB haujaingia, mwenye baba yake anakunywa, wanagonga mlango hata saa saba usiku na mimi siwezi kufukuza mtu. Kuna mmoja ni rafiki yangu aliniambia anataka kufa, akaniapisha nisiambie mtu juu polisi watamshika, ni wiki mbili sasa. Halafu kila topiki tunafundishwa naona ni mimi, tukifanya wasiwasi ni mimi, tukifanya sonona ni mimi, ile ya hisia kupanda na kushuka pia ni mimi. Silali, na nimeanguka yuniti mbili. Ofisi ya ushauri ya chuo siwezi kwenda juu kaunsela ndiye lekchara wangu. Mama yangu anauza mchele Ahero, nikimwambia nimechoka anasema kwani mnasomea kusikiliza watu, hiyo si hata sisi tunafanya bila digrii. Niache hii kosi ama nifanye nini? Mchovu, Kisumu.*

Nyathina, barua yako niliisoma kwa simu nikiwa ndani ya matatu natoka Kibuye, nikafika huo mstari wa katikati nikamwambia makanga anishukishe hapo hapo Kondele. Stage yangu ilikuwa bado, lakini kuna maneno mtu hawezi kuyajibu akiwa amebanwa kati ya gunia la sukuma na mtoto wa wenyewe. Nikakupigia. Kwa hivyo wewe jibu kubwa ulishalipata siku hiyo, na umeniruhusu niliandike hapa juu najua kwa hosteli zingine kuna wawili kama nyinyi ambao hawajaandikia mtu yeyote.

Wacha kwanza nikugombeze kidogo. Umeanza na walioachwa, ukaenda HELB, ukakichomeka kifo hapo katikati kama kitu umekumbuka tu, kisha huyo, ukaendelea na topiki na mtihani. Mtu akikuambia anataka kufa, hiyo ndiyo barua yenyewe, hayo mengine yote ni salamu. Na hicho kiapo alichokuapisha hakikufungi. Najua mwaka wa kwanza mlifundishwa mambo ya kutunza siri, na ni kweli siri ya mtu ni ya mtu, lakini somo hilo hilo lina mlango wa nyuma, kwamba maisha ya mtu yakiwa hatarini unatafuta mtu mwingine wa kusaidia hata kama atakukasirikia. Atanuna mwezi mzima, sawa, anune akiwa hai.

Hofu yake ya polisi haikutoka hewani, usimcheke. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai, kile tulichoachiwa na mkoloni, kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na kuna watu walitoka hospitali wakapelekwa kortini badala ya kupelekwa nyumbani. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Na hata kabla ya hapo, kumwambia rafiki yako kwamba maisha yamekushinda haijawahi kuwa kosa, kilichoshtakiwa ni kujaribu. Mwambie hivyo kwa kinywa chako, juu mtu akiwa kwa hali hiyo hofu moja ndogo inaweza kumfungia mlango wote.

Uliniuliza kwa simu kama ukimuuliza waziwazi utakuwa umemtia wazo. Hapana. Hilo wazo analo tayari, wewe ukiuliza unampunguzia mzigo wa kulificha. Unamuuliza hivi, bila kuzunguka mbuyu: unafikiria kujiua? umepanga vile utafanya? Akisema amepanga, haachwi peke yake, hata kwenda bafu mtu awe karibu, vitu vya hatari vinatolewa kwa chumba, anatafutwa mtu mzima anayempenda, na kama usiku ni mbaya mnapanda boda ama teksi mpaka kasualti, hapa kwetu pale Russia, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, huko hawalali. Kuna pia laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, haikatwi pesa. Wewe ulimpata dada yake mkubwa kule Nakuru na akapanda gari usiku huo huo, na nikasikia vile ulilia ukisema umemsaliti. Hukumsaliti, mama. Sasa ana dada, ana kliniki na ana wewe. Zamani alikuwa na wewe peke yako, tena wewe usiyelala.

Haya, sasa tuje kwako.

Nani alikuambia wewe ni kaunsela? Nauliza kwa upendo. Hakuna mtu huchukua mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa pili akamwambia hebu nipasue tumbo hapa kwa hosteli mara moja, lakini mwanafunzi wa saikolojia kila mtu anamlalia juu kusikiliza kunaonekana ni bure. Kenya tuna sheria tangu 2014, ya washauri na wanasaikolojia, inataka mtu afunzwe na asajiliwe kabla ya kujiita hivyo na kuhudumia watu. Wewe una notisi za semesta tatu na moyo mzuri. Hizo zinatosha kuwa rafiki, na rafiki ana haki ya kusema saa hizi nalala, nipate kesho saa kumi tukunywe chai.

Mimi nimeuza omena Kibuye miaka mingi kabla ya haya mambo ya kuandika, na meza yangu ilikuwa kama yako ya hosteli, wanawake walikuwa wananunua gorogoro moja ya omena na kuniachia gunia la shida. Nilijiona mtu wa maana sana. Mpaka siku nilipimwa presha yule nesi akaniangalia mara mbili. Nikaambiwa nipunguze chumvi, lakini najua haikuwa chumvi peke yake.

Kuna mpango mmoja wa Zimbabwe huenda mtakutana nao darasani, na kama lekchara atausahau mkumbushe. Daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake ambaye familia ilikosa nauli ya kumrudisha hospitali. Nauli tu. Madaktari wa akili nchini walikuwa wa kuhesabu na vidole, kwa hivyo mwaka wa 2006 akaanza kufunza nyanya za mtaa, kule Mbare, Harare, wakae kwa benchi nje ya zahanati wasikilize watu. Nyanya kabisa, wa vitambaa kichwani. Na hawakutumia hayo maneno makubwa ya vitabu, walitumia neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi, ambalo sisi Wajaluo tukisikia tunajua ni ndugu ya parruok yetu. Mwaka wa 2016 utafiti wao ukachapishwa ukaonyesha waliokaa kwa hilo benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa mahali nataka uangalie ni hapa. Wale nyanya walifunzwa. Wanakaa mchana, mgonjwa anakuja vikao vichache vinavyohesabika, wanatafuta shida moja ya kutatua kwanza, halafu kuna mtu wa juu yao wanampelekea kesi nzito, na wenyewe pia wanakutana wanaongea kilichowalemea. Wewe saa saba usiku uko peke yako, vikao havina mwisho, na juu yako ni dari.

Hapo ndipo mama yako ana ukweli nusu. Zamani Ujaluoni wasichana walikuwa wanalala siwindhe, kwa nyumba ya mama mzee, pim, na huko ndiko walisikilizwa na kufunzwa maisha, hakuna aliyeuliza pim ana digrii. Kwa hivyo akisema hata sisi tunafanya, usikasirike, ni kweli walifanya. Lakini pim alikuwa mzee, ameshapita kwa hayo mawimbi, na mji mzima ulikuwa nyuma yake. Wewe una miaka 21. Na nadhani huyo mama anaogopa kitu kingine, anauza mchele kilo kwa kilo akulipie karo na hajaelewa hiyo kazi inaitwa nini mwishowe. Mwelezee. Mwambie daktari wa akili ni yule amesoma udaktari kwanza ndiyo akaongeza mambo ya akili, na ndiye huandika dawa. Kuna manesi wa akili, na wewe njia yako ni ya mazungumzo, digrii halafu mafunzo zaidi chini ya mtu mwenye uzoefu, na usimdanganye kwamba kazi zimejaa, juu hazijajaa, serikali inaajiri pole pole. Mzazi wa Ahero anajua kungoja mpunga, ataelewa kungoja.

Hii ya kujiona kwa kila topiki ilinichekesha, pole. Wanafunzi wa udaktari wamekuwa nayo tangu zamani, wakisoma moyo wanashika kifua, wakisoma ini wanaangalia macho kwa kioo kama yamekuwa manjano. Dalili nyingi za akili ni vitu vya kila mtu vilivyozidi kipimo, kwa hivyo lazima utajipata. Swali ni kwa muda gani na kimekuzuia nini. Furaha Ijumaa HELB ikiingia na huzuni Jumatatu ikiisha si ugonjwa, hiyo ni Kenya. Ile ya kupanda kabisa, mtu anapanda wiki nzima ama zaidi, analala masaa mawili na hasikii kuchoka, anaanzisha biashara tatu na kugombana na kila mtu. Wewe hulali na umechoka kama punda, ni tofauti.

Lakini kicheko changu kinaishia hapo, juu kuna kitu si cha kitabuni. Mnayo ile karatasi ya maswali tisa ya kupima sonona, PHQ-9, kila swali sifuri mpaka tatu, jumla 27, hata huku kwetu magharibi ilijaribiwa kwa wagonjwa upande wa Eldoret. Inauliza wiki mbili zilizopita, siku ngapi hukulala vizuri, siku ngapi hukufurahia kitu, siku ngapi ulishindwa kutuliza akili kwa kazi. Usijipime mwenyewe usiku kwa kitanda halafu ujipe jina la ugonjwa. Ipeleke kwa mtu akusomee. Kukosa usingizi mpaka uanguke yuniti mbili hiyo si kitu ya kuambiwa jikaze.

Na huyo mtu si lekchara wako, hapo uko sawa mia kwa mia, na nakupa heko uliona mwenyewe. Mwenye atasahihisha mtihani wako hafai kuwa mwenye unamlilia, hata yeye akiulizwa atasema hivyo hivyo. Mimi nilishawahi kumweleza kaunsela mmoja, simtaji, mambo yangu ya ndoa, na kabla mwezi uishe nikayasikia kwa chama yakiwa yameongezwa pilipili, miaka mitano sikumfungulia mtu mwingine roho. Kwa hivyo sikulaumu. Lakini usifanye nilichofanya. Andikia ile ofisi ujumbe mfupi tu: naomba kuonana na mshauri ambaye hanifundishi. Si lazima ueleze zaidi. Wakisema ni huyo mmoja peke yake, waombe wakuelekeze nje, ama uende kliniki ya akili ya hospitali ya umma, hata yule nesi wa akili atakusikiliza, usingoje mpaka upate daktari bingwa. Kwanza kwa hiyo kazi yenu mshauri naye kuwa na mshauri wake ni jambo la kawaida, hakuna atakayeshangaa.

Kosi usiiache wiki hii. Wala usiapie kuimaliza wiki hii. Mtu asiyelala hafai kuamua hata rangi ya leso. Fanya hizo mbili za kurudia, ile mnaita sapu, lala mwezi mmoja, halafu ujiulize kitu uliniambia kwa simu ukapita haraka, kwamba hata nyumbani tangu ukiwa darasa la sita wewe ndiye ulikuwa unawatuliza watu wakigombana. Kuna watu huchagua hii kazi juu wanaipenda, na kuna wenye walipewa wakiwa watoto hawakuulizwa. Sijui wewe ni yupi, na kama ni wote wawili pia inawezekana, lakini hiyo ndiyo stori ya kumpelekea huyo mshauri mkionana, si mambo ya yuniti.

Mlango wa chumba, bandika karatasi. Nimekuandikia, unakili hivi hivi: *Nalala saa nne. Kama ni dharura ya maisha gonga kwa nguvu tuite msaada pamoja. Kama ni stori ya mwanaume, kesho.*