Kidonda kimefunga, mbona bado nakatazwa kubeba mizigo?

Ndugu, umeuliza kwa nini mshono wako wa tumbo umeshafunga lakini daktari bado anakukataza kunyanyua vitu vizito. Kilichofunga ni juu tu. Kazi kubwa iko chini, kwenye nyuzi na uteute unaozizunguka seli na kuzishikilia mahali pake. Watu husahau sehemu hii, wakadhani mwili ni seli tupu.

Kidonda kikiwa kibichi, seli ziitwazo fibroblasti hufuma haraka haraka kolajeni (protini inayounda hizo nyuzi) ya aina ya 3, nyembamba na dhaifu. Baadaye vimeng'enya huikata kidogo kidogo, na kolajeni ya aina ya 1, iliyo imara zaidi, hushika nafasi yake. Baada ya wiki 3 hivi kovu halijafikisha hata theluthi moja ya nguvu ya ngozi nzima, yaani isiyowahi kukatwa. Kwenye miezi 3 hufika karibu asilimia 80, na hapo halipandi tena sana. Tatizo ni mpangilio: kwenye ngozi nzima nyuzi zimesukwa kama jamvi, kwenye kovu zinalala upande mmoja.

Tena kovu la zamani nalo hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Katika safari ya meli ya Anson, kamanda wa jeshi la maji la Uingereza, ya 1740 hadi 1744, baharia mwenye kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C) alifumuka jeraha lililopona miaka 50 nyuma, kwa kuwa bila vitamini C kolajeni mpya haiwi imara.

Sigara pia huchelewesha kupona. Na ukitaka kukohoa, kandamiza mto tumboni kwanza.