Kliniki ikikwambia tu "viinitete viko vizuri", omba ripoti ya maabara

Mdogo wangu, pole na hongera kwa kufika hatua ya kuwekewa viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa maabara (IVF). Umeuliza kama ni kawaida kliniki kukutumia ujumbe mmoja tu, "viinitete viwili vizuri, njoo Jumatatu", basi. Kawaida ni kawaida, wengi tumepita humo. Ila "vizuri" haikusaidii kuamua chochote. Na usidhani taarifa haipo. Maabara wanaandika kila hatua kwenye fomu yao, ila hakuna anayekaa nawe kukusomea.

Hili nililijua nilipobadilisha kliniki. Daktari mpya hata hakutaka kusikia hadithi yangu kabla ya kuona ripoti ya maabara ya mzunguko wa matibabu uliopita. Mimi nilikuwa na risiti na picha za ultrasound tu. Nilirudi kule kuifuata, nikazungushwa kidogo mapokezi, mwishowe ikatoka. Kumbe mayai yangu mengi yalitolewa yakiwa hayajakomaa! Kwa mdomo niliambiwa "bahati mbaya, mayai yako dhaifu". Daktari mpya akabadilisha sindano ya kukomaza mayai pamoja na muda wa kuchomwa. Bila ile karatasi tungerudia dawa zilezile kwa bei ileile.

Kwa hiyo uliza kwa mtiririko: mayai mangapi yalitolewa, mangapi yalikuwa yamekomaa, mangapi yalirutubika (hii huangaliwa kesho yake, saa 16 hadi 18 baada ya mbegu kukutanishwa na yai). Siku ya 3 kila kiinitete kilikuwa na seli ngapi, na kilikuwa na vipande vilivyomeguka kutoka kwenye seli kiasi gani? Kufikia hapo wanatarajia kama seli 8. Halafu siku ya 5 au 6, vingapi vilifika hatua ya blastosisti (kiinitete kilichokua kikawa kama mpira wenye maji ndani), na vipi vimegandishwa.

Kwenye blastosisti ndipo utakutana na vitu kama 4AB. Hilo ni daraja la ubora wa kiinitete, na maabara nyingi hutumia mfumo wa Gardner kulipanga. Namba, 1 hadi 6, inaonyesha kiinitete kimetanuka kiasi gani. Kwenye 5 kimeanza kutoka kwenye ganda lake, 6 kimeshatoka. Herufi ya kwanza ni kundi la seli za ndani, zitakazokuwa mtoto. Ya pili ni seli za nje, zitakazofanya kondo la nyuma. A ndiyo bora, C ndiyo ya chini. Lakini uliza wanatumia mfumo gani, hasa kwa siku ya 3, maana kuna maabara ambako daraja la 1 ndilo bora na nyingine ambako ndilo la mwisho. Usije ukalia usiku kucha kwa namba uliyoisoma kichwa chini.

Daraja linatokana na jicho la mtaalamu kwenye hadubini. Wataalamu wawili wanaweza kutofautiana kwa kiinitete kimoja. Linasaidia kupanga kipi kitangulie kuwekwa, ila halikuambii kama kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) ziko sawa. Kiinitete cha AA kinaweza kuwa na kasoro ya kromosomu, na BB au hata BC kikazaa mtoto mzima. Wangu aliyeko shule ya awali sasa hivi alikuwa 3BB, na kwa kelele zake hapa nyumbani hutaamini. Kipimo cha kromosomu kipo, wanachukua seli chache za nje, lakini ni gharama ya ziada na si kila mtu anakihitaji. Umri wa mwenye yai ndio unaobeba uzito mkubwa hapo, hivyo mwombe daktari aseme waziwazi kwa umri wako kitakusaidia nini.

Wa kumuuliza haya yote ni mtaalamu wa maabara mwenyewe, si nesi wa mapokezi. Omba dakika kumi kabla ya siku ya kuwekewa, kwa sababu siku yenyewe umeshavaa gauni la hospitali, kibofu kimejaa, huna akili ya kuuliza. Mwenzi wako aje na daftari.

Wakikataa kukupa nakala, omba kwa maandishi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na zote zinakupa haki ya kuzipata taarifa zako. Mimi sikufika huko. Barua pepe moja ya heshima, nakala kwa daktari mkuu, ilitosha.

Ukiipata, weka herufi na namba zake hapa tuzisome pamoja. Jina na namba ya faili ufute kwanza.