Mzee Salim alikuwa waziri wa nini?

Swali: Mhariri, binti yangu wa kidato cha tatu kaniuliza Dk. Salim Ahmed Salim alishika wizara zipi. Nikababaika. Nisaidie.

Jibu: Ndugu msomaji, mwambie alipewa Mambo ya Nje mwaka 1980. Aprili 1984, Waziri Mkuu Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari, Salim akashika nafasi yake. Baadaye Ulinzi. Ila mimi humkumbuka kwanza kwa 1964: kijana wa miaka 22 kutoka Zanzibar, tayari balozi nchini Misri! Mwaka 1981 aliwania ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ikamwekea kura ya turufu, raundi baada ya raundi, hadi nafasi ikaenda kwa Pérez de Cuéllar wa Peru. Linaniuma mpaka leo. Afrika ilimpokea: katibu mkuu wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, 1989 hadi 2001.